Siku Nilipolala Juu ya Dhahabu ya Mama Mkwe

Kama mmewahi kusikia habari za mtu wa Nyakunguru aliyelala usingizi wa mchana akaamka amezungukwa na rashi ya dhahabu, yaani watu waliomiminika na sururu kugombea kuchimba, basi msiendelee kumtafuta, mtu mwenyewe ni mimi, na naomba mnicheke mara moja mmalize, kwa sababu kwetu mpaka leo nikipita sokoni kuna watu wazima na familia zao wanaojifanya wanakoroma.

Tatizo langu ni koo. Nina shingo nene (marehemu baba alikuwa nayo, na babu pia, ni mali ya ukoo) na nikilala nakoroma mpaka mbuzi wa jirani wanahama ukuta, halafu, hili ndilo baya, nakata pumzi. Mimi mwenyewe nilikuwa siamini. Mke wangu Robi ndiye aliyekuwa akinipiga kiwiko nivute hewa, na mchana nikawa nasinzia kanisani, nasinzia kwa kinyozi, na siku moja nikasinzia nimesimama kando ya karasha yetu, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, mkanda ukashika shati langu, wenzangu wakanivuta, nikabaki na kola tu shingoni. Robi hakungoja maneno zaidi. Alinipeleka hospitali Mwanza, nikalala na nyaya kichwani, na daktari akasema wazi kwamba nisipopata msaada, siku moja pumzi itakatika na haitarudi. Nikaazimwa mashine ndogo ya kusukuma hewa, bomba lake, na barakoa tatu za kujaribu, nichague itakayonikaa vizuri, nirudi baada ya wiki mbili, na nikishindwa kuizoea apewe mgonjwa mwingine.

Jamani, kumbe kutafuta barakoa ni kazi kuliko kutafuta mchumba. Ya kwanza ilifunika pua na mdomo, ikanichubua mfupa wa pua, na kwa sababu ya ndevu zangu hewa ikawa inatorokea pembeni inapiga miluzi kama refa. Ya pili ilikuwa ya pua peke yake, nikifumbua mdomo tu hewa yote inatokea huko, naamka ulimi umekauka. Ya tatu sikuijaribu kabisa, maana ilikuwa na vijimto viwili laini vya kuchomeka kwenye matundu ya pua, na mimi mwanaume mzima wa Kikurya nikaona hiyo haiwezekani. Nikaisukuma mashine yote chini ya kitanda. Robi alipoona hivyo akafunga nguo zake, akaenda kwa mama yake upande wa pili wa kijiji, na maneno aliyoniachia nayakumbuka moja moja: "Baba Chacha, mimi siwezi kuendelea kulala nikihesabu pumzi zako. Siku utalala na hiyo kitu usoni, niite." Siku za kurudisha mashine zilikuwa zimebaki tatu.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Daktari alikuwa amenishauri nianze kuvaa barakoa mchana, mahali penye utulivu, nizoee kwanza. Sasa utulivu wa Nyakunguru wakati ule wa rashi mngeupata wapi, kila uwanja una duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, karasha zinanguruma, watu wamemiminika kutoka Geita, Kahama, mpaka ng'ambo ya Sirari, na mtu akijikwaa kwenye jiwe wenzake wanaliokota wanalitazama juani. Sehemu moja tu ilikuwa kimya, na sehemu hiyo ilikuwa shamba la mihogo la mama mkwe wangu. Huyo mama aliwakataa wachimbaji wote, wenye magari na wenye maneno matamu, akawafukuza kwa jembe, na kwa sababu hiyo kijiji kizima kiliamini kwamba chini ya ile mihogo kuna dhahabu ya kutisha, maana mtu hawezi kukataa hivyo bure. Katikati ya shamba kuna kibanda cha kuvizia ngedere, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na mama mkwe ni Msabato, yuko kanisani mpaka alasiri pamoja na Robi. Nikasema naingia, najaribu, natoka, nani atajua. (Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani, kwa hiyo kuingia shambani kwake kwa kunyemelea kulikuwa kosa tayari, lakini usingizi ukikukosa muda mrefu akili nayo inaaga.)

Nikapanda bodaboda ya Nyamhanga, jirani yangu, nimepakata betri ya gari ya kuendeshea mashine, begi mgongoni, na bomba la mashine linachungulia nje. Njiani akaniuliza, "Mura, hiyo ni nini?" Ningemwambia ukweli, kwamba ni mashine ya wakoromaji, mambo yangeishia pale pale. Lakini Nyamhanga ana mdomo, nikajiona nimekuwa hadithi ya kijiwe kabla jua halijazama, nikaona afadhali uongo mdogo, nikamjibu kwa sauti ya chini, "Ni ya kupimia. Usimwambie mtu."

Ndugu zangu, kumwambia bodaboda wa Nyakunguru asimwambie mtu. Alinishusha, akanitazama nikizama kwenye mihogo ya mama aliyewakataa wote, mimi mkwe wake mwenyewe, na betri na mashine, halafu akageuza pikipiki akaondoka bila hata kudai nauli. Bodaboda akisahau nauli, mwenye akili anajiuliza, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kutandika gunia.

Nikaunganisha betri, nikajaribu barakoa ya kwanza, miluzi. Nikajaribu ya pili, mdomo ukapuliza kama tairi lenye pancha. Nikatazama nyuma, nikatazama mbele, hakuna mtu, nikachukua ile ya vijimto nikaichomeka. Nikangoja kubanwa, sikubanwa. Nikangoja kupiga chafya, sikupiga. Hewa ikaingia taratibu kana kwamba nimekaa dirishani, uso wangu uko huru, ndevu haziguswi, naona mbele, nikajikuna hata pua, jamani, pua yangu mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu kibandani. Wiki nzima dawa ilikuwa imelala chini ya kitanda kwa sababu ya kiburi. Nikajisemea nijilaze dakika kumi tu, nihakikishe.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Nyamhanga alirudi na wenzake wanne, wakanikuta nimelala ubavu, sikio chini, mashine inawaka taa ya kijani, na ile namba ya nguvu ya hewa inapanda polepole kama inavyotakiwa. Wakanong'onezana kwamba nasikiliza mwamba na namba inapanda, wakakatazana kelele wasiniharibie kazi, wakaitana kwa simu. Kila mtu alifika na sururu yake na kamba ya kuzungushia eneo, wakachimba kwa adabu, polepole, bila kuongea. Nilipogeukia ubavu wa kushoto, kundi zima likahamia kushoto.

Mimi nilikuja kuamshwa na harufu ya chapati. Niliamka mwepesi, kichwa kimetulia, sijawahi kuamka hivyo tangu nioe, nikafikiri labda nimefika mbinguni na wanapika. Kisha nikaona miguu, miguu mingi sana, na nyuma ya miguu mashimo, na nyuma ya mashimo mama mmoja amewasha jiko anauza chapati, na mihogo ya mama mkwe imelala chini mizizi juu. Watu wote wakaacha kuchimba wakiningoja. Nyamhanga akachuchumaa mbele yangu akaniuliza kwa heshima kubwa, "Imesema wapi?"

Nikawaambia haijasema popote, ni mashine ya kukoroma. Wakacheka. Nikawaeleza habari za Mwanza, za daktari, za shingo ya ukoo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini kwamba nataka kuwaficha ili mali ibaki ukweni, na sururu zikaanza tena, safari hii bila adabu. Nikaruka kutoka mtu huyu kwenda mtu yule nikiwashika mikono, na nimesahau kabisa kwamba vijimto bado viko puani na bomba linaburuta nyuma.

Ndipo nikasikia kwaya. Walikuwa wanatoka kanisani wanaimba, wanasukuma spika yao ya magurudumu, na mbele kabisa, amevaa nguo nyeupe, mama mkwe. Alisimama. Aliona shamba, kisha akaniona mimi, jasho, gunia limenasa kiunoni, bomba puani. Akageuka upesi akanipa mgongo, akajisogeza nyuma ya ile mihogo michache iliyobaki, na kutoka huko akamwambia binti yake kwa sauti ya kawaida kabisa, "Robi, muulize baba Chacha nimemkosea nini."

Afadhali angenirushia jembe. Nilitamani moja ya yale mashimo linimeze.

Robi alinijia. Hakuniuliza habari za shamba, alitazama gunia lililokunjamana, akatazama taa ya mashine, akanitazama pua. "Umelala?" akaniuliza. Nikamwambia nimelala. "Na hiyo?" Nikamwambia na hii hii. Akafumba macho kidogo, halafu akawageukia watu, akawaambia mume wake hasemi uongo, na walipomzomea akaiomba kwaya spika, akatoa simu yake akaichomeka. Nikajua anataka kufanya nini. Alikuwa amenirekodi nikilala ili daktari asikie, na mimi siku zote nilikataa kuisikiliza ile rekodi. Nikamsihi, nikamshika mkono, akautoa polepole.

Spika ikakoroma. Shamba zima likaangua kicheko, mtu mmoja akatumbukia kwenye shimo lake mwenyewe, mama wa chapati akashikilia jiko, wanakwaya wakaficha nyuso kwenye vitabu vya nyimbo. Nikakoroma tena na tena, kijiji kinacheka. Halafu ule mkoromo ukakatika. Wakaendelea kucheka kidogo. Spika kimya. Kicheko kikapungua, kikaisha, na spika bado kimya, na mtu mmoja akaweka sururu chini, na bado. Kisha ikasikika sauti ya Robi, ya chini, imechoka: "Baba Chacha. Vuta. Vuta, baba Chacha." Ikasikika kishindo cha kiwiko, na mimi nikavuta hewa kama mtu anayeopolewa mtoni.

Nilikaa chini. Miaka yote nilidhani anatia chumvi. Sikujua kwamba nikilala ananilinda nisife, halafu asubuhi ananichemshia uji na mimi namlaumu amenuna. Nililia pale pale mbele ya kijiji, na vijimto puani, na sikuona tena aibu.

Hakuna aliyefukuzwa. Walikunja kamba mmoja mmoja, wakamwomba mama radhi kupitia kwa Robi, wakaondoka. Wanaume watatu walibaki nyuma wakanivuta pembeni kuniuliza jina la hospitali, eti kuna rafiki yao ana shida hiyo, na mmoja wao alikuwa Nyamhanga. Robi alirudi nyumbani jioni ile ile, ameibeba betri kichwani.

Mashimo yalikuwa thelathini na moja. Niliyajaza samadi kwa mikono yangu na kila shimo nikapanda mgomba, na tangu hapo nimeapa kwamba mtu akiniuliza nimebeba nini namfungulia begi namwonyesha hadi vijimto, kwa sababu ukweli ungenigharimu kicheko cha siku moja tu. Mama mkwe hakuwahi kutaja jambo hilo. Migomba ilipozaa, alimpa Robi mkungu wa kwanza aulete kwetu, na ujumbe juu yake: "Mwambie baba Chacha kibanda bado kipo. Akitaka kulala, aombe."