Nilinyamazisha goti kwa vidonge, figo zikanijibu: mbio za ukweni Kuresoi

Wakuu, sasa. Wa mbio, wa gym, na nyinyi mnaosoma tu mkiwa mmelala kwa kochi, karibuni wote.

Hii si forward. Imenipata mimi na mwili wangu huu, na mume wangu Kiprono amekaa hapa kando anasoma ninachoandika ili nisiongeze chumvi.

Mimi ni mama wa saluni hapa Nakuru. Kwetu ni watu wa magharibi, babu aliletwa huku na kazi ya reli na hatukurudi tena. Nimeolewa Kuresoi, kwa Wakalenjin. Nadhani mshaanza kuona shida ilipo.

Hawa watu, tukienda kufunga mwaka kila Desemba, hawapandi gari hadi nyumbani kama Wakristo wengine. Tunashuka Molo, wanaume kwa wanawake, kila mtu anavaa raba, tunakimbia mpaka kwa boma. Ni zaidi ya kilomita ishirini, na milima haina huruma. Anayefika wa mwisho anamenya viazi vya ukoo mzima.

Tangu niolewe, mmenyaji ni mimi. Visu vya ile jikoni vinanijua kwa jina.

Basi mwaka juzi nikaapa. Nikafanya mazoezi miezi kadhaa, nikipanda kuelekea Menengai asubuhi kabla ya kufungua saluni. Nikawa mzuri, kusema kweli. Lakini goti la kushoto likaanza kulalamika, maana kusuka watu ukiwa umesimama siku nzima si mchezo.

Siku ya kusafiri nikapitia chemist, nikaomba dawa za maumivu, zile kali. Dada wa pale akaniuliza ni za nini, kama nina ulcers, kama nimekula. Nikamwambia ni mgongo tu, na nimekula. Yote yalikuwa uongo. Akanipa, akanionya nimeze baada ya chakula na nisizidishe alichoandika kwa bahasha.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu, ndio mnielewe.

Baba mkwe wangu hutufuata nyuma na pickup, amebeba maji na ndizi. Mzee mpole sana, sina neno naye. Lakini kwetu, mke wa mtoto na baba mkwe wanaheshimiana kutoka mbali. Hata kiti anachokalia mimi sikikalii.

Na ile barabara ni mashamba ya viazi kushoto na kulia, waya mtupu, hakuna kichaka cha maana. Ukinywa maji, yatataka kutoka. Na pickup ya mzee iko hapo nyuma. Mnataka nichuchumae wapi?

Kwa hivyo nikaacha maji tangu siku iliyotangulia. Asubuhi ya safari nikameza vidonge na strungi, ile chai ya rangi, nusu kikombe, tumbo tupu, tukashuka Molo tukaanza mbio.

Dada ya mume wangu, Chelangat, ndiye mkali wa hizi mbio. Akanipita akicheka. "Mama Chebet, leo nimekununulia kisu mpya!"

Nikamwacha aongee. Goti lilikuwa kimya kabisa. Mlima wa kwanza nikaupanda, wa pili nikaupanda. Lilipoanza kuamka nikameza vidonge vingine, vikavu hivyo hivyo, bila hata kuangalia bahasha ilisemaje.

Mzee akanisogelea na pickup, akashusha kioo. "Mtoto, kunywa maji."

"Niko sawa, Baba," nikajibu nikiangalia lami.

Wakuu, nilifika wa tatu. Wa mwisho alikuwa Kiprono. (Hapa anasema alikuwa ananisindikiza akanipoteza. Msimsikize.) Nilipiga nduru mpaka ng'ombe wakageuka. Nikaketi kwa nyasi nikamwangalia mume wangu akimenya viazi, na sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Furaha haikukaa. Nilianza kutapika, tumbo likawa moto, mgongo wa chini ukauma. Nikasema ni uchovu. Jioni nikaenda choo, vikatoka vitone tu, rangi ya ile strungi. Nikanyamaza. Ningemwambia nani? Nikimwambia mama mkwe, mwenye gari ni mzee, na ataambiwa tunaenda hospitali kwa nini.

Asubuhi niliamka uso umefura. Haja ya choo, hakuna. Nikaenda jikoni kujifanya nawasha moto.

Chelangat akaniangalia. "Mama Chebet, choo iko hapa nyuma ya jikoni. Tangu jana jioni sijakuona ukipita."

Nikamwambia kwa sauti ya chini, na vidonge nikataja. Yeye hakujibu kwa sauti ya chini. "MAMA! KUJA!"

Muda si muda niko ndani ya pickup, mama mkwe katikati, mzee kwa usukani, Kiprono kule nyuma, moja kwa moja hadi hospitali.

Daktari akauliza mbele ya wote, "Mara ya mwisho ulikojoa lini?" Mzee akageuka kusoma bango la chanjo ya watoto. Alilisoma kwa makini sana.

Damu ikapimwa. Majibu hayakuwa mazuri. Daktari akanieleza polepole: figo zinataka damu ipite ya kutosha. Ukiwa umekauka maji na unakimbia, tayari inapungua, na mwili unajitahidi kuziachia njia. Hizi dawa nilizomeza zinafunga hiyo njia. "Halafu goti ilikuwa inakuambia upunguze," akasema. "Wewe ukaiziba mdomo."

Akaniwekea drip, akapiga marufuku vidonge vyangu. Akasema figo zisipoamka nitapelekwa Nakuru kwa mashine ya kusafisha damu.

Hapo ndipo nililia. Nilimwona Chebet wangu, ndiyo kwanza ameanza shule, akiambiwa mama alikufa akikimbia viazi. Niliogopa kuliko siku niliyomzaa.

Sasa kazi ikawa moja, kungoja susu, yaani mkojo utoke. Mzee alirudi nyumbani kwa ng'ombe, lakini WhatsApp group ya familia haikulala. "Bado?" "Bado." Shangazi ambaye sijawahi kuonana naye akaandika tufunge na kuomba.

Alasiri, nikaisikia. Mama mkwe akabeba ile drip juu kama bendera, tukaenda pamoja. Tuliporudi wodini alikuwa ashapiga simu, loudspeaker.

"Mzee! Ametoa!"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakapiga makofi. Halafu nikasikia sauti ya baba mkwe wangu, yule ambaye hata kiti chake sikikalii.

"Asante Yesu. Ni nyingi?"

Nilijifunika blanketi uso mzima. Nilicheka humo ndani mpaka nesi akaja kuangalia kama niko sawa.

Nilipimwa tena na tena, na baadaye nikaambiwa figo zimerudi.

Desemba iliyopita tulikimbia tena. Mzee hakuwa ameniambia neno kuhusu ile siku. Lakini kila baada ya kilima, pickup ilitupita, ikasimama mbele ya lango la mtu, na mama wa hapo alikuwa nje na tissue mkononi. "Karibuni, choo iko wazi." Mzee alikuwa amezunguka boma zote za njiani ile wiki, akiwaombea wasichana wake choo. Na kila tulipoingia, yeye aligeuzia lango mgongo na kukagua viazi vya watu.

Nilikunywa maji kila kituo. Goti lilipouma, nilitembea. Nikafika wa mwisho.

Somo langu, wakuu: maumivu ya mbio ni ujumbe, usiyazime ili uendelee. Kama ni lazima umeze kitu, uliza daktari au mtu wa chemist, na umwambie ukweli, si kama mimi. Na maji kunywa. Heshima haina figo za kukupa.

Wakimbiaji wa humu, nyinyi humeza nini kabla ya mbio? Semeni bila aibu. Mimi nilimenya viazi vya ukoo mzima, na kila nilipoinuka kwenda choo, boma lote lilipiga makofi.