Mbuzi wa Kujikwaa

Wiki jana nilishuka Kakuma baada ya miaka mingi ya kukaa Lodwar, nikapita pale palipokuwa kibanda changu cha video. Sasa wanauza simu. Nilisimama mlangoni kama mteja, na zile siku zikanijia puani: petroli ya jenereta, chapati za jirani, jasho la watoto waliobanana juu ya magunia.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa mwaka 2013, rafiki yangu. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, watoto hawakuelewa, basi mwenye kibanda alisimama kando ya televisheni akatafsiri kwa sauti. Mimi nilikuwa na kidato cha nne, nikajiona mtaalamu. Nisichokielewa nilikitunga.

Likizo ya Aprili walitaka katuni moja tu. Ilikuwa na kijana shujaa, na nyuma yake mbuzi mnene aliyejikwaa kila hatua, akivunja vyungu na kumkanyaga bwana wake. Mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa hivyo hivyo. Hakuwahi kufika nyumbani na mtungi uliojaa. Basi nikampa mbuzi sauti yake, ule usemi wake wa kukwamakwama. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. "Mbuzi, ejok," walimsalimu mjukuu wangu njiani kwa Kiturkana. Yeye alivumilia, kwa sababu mwishoni ni mbuzi aliyevuka mto uliofurika akamwokoa bwana wake.

Alivukaje? Hapo diski ilikuwa imekwaruzika. Mbuzi yuko ukingoni, picha inaruka, mara yuko juu ya mwamba katikati ya mto. Sikuwahi kuona kilichotokea. Kila siku nilijaza pengo kwa maneno yangu: "Mwenye moyo safi, maji humpisha."

Mchana mmoja hapakuwa na wingu hata moja juu ya Kakuma. Lakini sisi wa huku tunaujua mto wetu wa Tarach, haungoji mvua ya kwetu. Ikinyesha milimani, mchanga mkavu unageuka mto kabla hujamaliza chai. Nilisikia ngurumo kama ya malori, kisha yule jirani wa chapati akaniita. "Mzee, mjukuu wako yuko ndani ya maji."

Nilikimbia kwa magoti yangu mabovu. Mwanambuzi mmoja alikuwa amebaki kwenye kisiwa cha mchanga, na mtoto alikuwa akimfuata, taratibu, kifua mbele, maji ya udongo yakimfika kiunoni. Hakuogopa. Hilo ndilo lililonigandisha. Akajikwaa. Kichwa kikazama, kikaibuka, kikazama tena, mpaka mkono wake ukanasa mzizi wa mgunga. Wachungaji wawili walifunga shuka zao pamoja wakamtupia, wakamvuta huku mzizi ukikatika. Mwanambuzi tulimwona akipita na maji, miguu juu.

Mama yake, binti yangu, alifika ameshika kiatu chake cha akala mkononi. Mtoto alikuwa bado anatapika maji.

"Nani alikudanganya kwamba mto huvukwa hivyo?"

Mtoto alinitazama. Mimi nikatazama maji.

"Hakuna mtu," akasema.

"Mwache, mama, ashukuru Mungu kwanza," jirani akaomba.

"Atashukuru akipata akili."

Akampiga pale pale ukingoni, mbele yangu. Kesho yake niliwaambia watoto diski imepotea.

Siku hizi kila nyumba ina simu, katuni zinazungumza Kiswahili zenyewe, na hakuna mzee anayesimama kando ya picha kuwaambia watoto maana yake. Labda ni afadhali. Ila kile kicheko cha kibandani nakikosa, hata nikijua kilimcheka nani.

Binti yangu bado huwasimulia wageni jinsi mtoto alivyokuwa mkaidi, na mjukuu, ambaye sasa yuko chuoni, hutabasamu tu. Hajawahi kunitaja. Siku ile niliuogopa mto, ni kweli. Lakini ulimi wa binti yangu niliuogopa zaidi, nikakubali mtoto wa miaka tisa anifiche nyuma yake.