Siku Nilipowaita Watu kwenye Udongo

Nakumbuka siku moja, na waliokuwapo nawakumbuka wote: mimi, wadogo zangu Safi na Idi, shangazi yetu Mariamu aliyevuka mpaka kutoka Goma, jirani yetu Mukecuru, yule bibi ambaye hatukuwa na undugu naye ila ua tu katikati yetu, na Mzee Karimu, mwashi, aliyekuwa akipita na baiskeli yake. Tulikuwa mtaani kwetu Mbugangari, karibu na mpaka, mbele ya nyumba yetu iliyobakiwa na ukuta mmoja.

Mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, nakuandikia kwa sababu mvua za juzi zimekuangushia nyumba, na jana nilipopita nilikuona umekaa peke yako juu ya matofali yaliyolowa, kama mtu anayengoja gari. Mimi shule niliiacha mapema, mama alipofariki baada ya baba, kwa hiyo usitegemee kwangu maneno ya vitabuni. Nina hili la udongo tu.

Mvua yetu ilikuja alasiri. Maji ya mlimani yalishuka na tope, yakapiga nyumba ubavuni. Tulitoka salama, Mungu ashukuriwe, tukawa tunalala kwa Mukecuru. Kila asubuhi nilikwenda Petite Barrière, pale mpakani, kubeba mizigo ya wachuuzi. Jioni nikirudi nilikanyaga udongo peke yangu na kufyatua matofali machache, yale mabichi tunayoyaita rukarakara. Mvua ikinyesha, yanarudi kuwa tope. Nami naanza upya.

Ndipo shangazi akaja na vitenge vya kufungia mizigo. Alikuwa amekwisha kupanga: Safi aende naye Goma, Idi apelekwe Kanzenze kwa mjomba, akalime viazi, mimi nibaki na kazi yangu ya mpakani. Hakuwa mkali. Alisema kwa huruma, akikunja nguo za Safi:

"Bon, mutoto wa kaka yangu, batoto habawezi kulala kwa batu kila siku."

Nilikuwa nimemwahidi mama kwamba wadogo zangu watakua chini ya bati moja nami, na sasa nilikuwa namwona Idi akitafuta kiatu chake cha pili ili aondoke.

Mukecuru akatokea kwenye ua wake. "Mariamu, batoto unapeleka wapi?"

"Kwangu. Hapa hakuna hata jirani mumoja amekuja kusaidia kujenga."

"Kuja?" Mukecuru akanigeukia mimi. "We binti, ulituita lini?"

Unajua desturi yetu, mwanangu. Mtu haingii kwa mwenzake na jembe kabla hajaitwa. Kuanza kujenga uani kwa mtu bila mwito ni kama kutangaza kwamba nyumba ile haina tena mwenyewe. Na anayeita watu huandaa cha kuwanywesha. Mimi sikuwa na hata majani ya chai, basi nikawa nanyamaza mpaka nipate. Wao nao walinyamaza wakingoja nifungue mdomo. Kuna waliokwisha kuamini kwamba tunahamia Goma.

"Mi siko na kitu ya kunywesha batu," nikasema.

"Nani amekuomba chai? Maji iko? Bon, watakunywa maji. We uko mukubwa wa hii nyumba, ao uko mugeni?"

Mzee Karimu, aliyekuwa amerudi nchini kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka, akashuka kwenye baiskeli. "Binti yangu, kila siku napita hapa taratibu makusudi, nikitumaini utaniita. Nikadhani unasubiri fundi kutoka Kigali."

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza.

Nikatoka hadi njiani. Nikapaza sauti: "Majirani, mukuje mutusaidie kujenga!" Mlango mmoja ukafunguka, akatoka mtu na jembe, kana kwamba lilikuwa limeegemezwa pale pale mlangoni. Kisha mwingine na ndoo. Mzee Karimu akakataza matofali yasiguswe kwanza. Akatutuma mawe meusi ya volkano, akajenga msingi kufika magotini, ili maji yakija tena yapite chini yakinung'unika. Shangazi akafungua furushi la Safi, akatoa kitenge, akajifunga kiunoni na kuingia kwenye tope.

"Mariamu, wa Goma bakikuona!" Mukecuru akamwambia.

"Waseme mi nacheza ndombolo!"

Watu walikunywa maji. Hakuna aliyelalamika, ila Mzee Karimu aliyesema kwamba maji haya yamezidi sukari.

Nyumba iliisha baada ya majuma kadhaa. Mvua ya kwanza kubwa ilipokuja, tulikaa ndani sote watatu. Idi akaweka kiganja ukutani, akakiangalia. Kilikuwa kikavu. Akakiweka tena, nadhani kwa kufurahi tu.

Basi, mwanangu, ita watu. Usingoje kwanza upate sukari, na usikubali ndugu zako wagawanywe kabla hujatoka hadi njiani ukapaza sauti. Wanaotaka kukusaidia huenda wako nyuma ya ua, wanakuheshimu mno hata wanaogopa kuingia. Wakija, ingia nao kwenye tope. Na wewe mwingine utakayeisoma barua hii, ambaye kuta zako zimesimama, pita polepole kwa aliyeangukiwa, msalimie, umuulize atakuita lini.

Mungu akupe msingi wa mawe na majirani wasiochoka. Wadogo zako walale pakavu, nawe ulale kati yao.

Mimi siku ambazo watu walinifanyia kazi nimezirudisha kwa mikono. Maharagwe ya Mukecuru niliyapalilia mpaka Mungu alipomchukua. Ardhi ilipotetemeka na nyumba ya shangazi kupasuka, tulivuka sote watatu kwenda kuijenga. Amebaki Mzee Karimu. Kila nikimuuliza, ananiambia kuta zake ziko imara. Deni lake bado liko kwangu, na kila wingu likitanda juu ya mlima namwomba Mungu nisije nikalilipa.