Zunilda na Dawa ya Kukaa Macho

Katika kituo cha mabasi cha Oviedo hakuna asiyeijua sauti ya Zunilda Ovelar. Ndiye anayetangaza mabasi kwenye kipaza sauti: la Asunción, la Villarrica, la Caaguazú. Katikati ya matangazo yeye hukata tiketi dirisha la kwanza, mimi la pili, na kwa miaka tisa tumetenganishwa na chupa tu ya tereré, chai ya majani inayotiwa maji ya barafu, tunayoinywa kwa zamu, mrija mmoja.

Usingizi ulimwanza ghafla. Kwetu Paraguay kila mtu hulala kidogo mchana, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini huu haukuwa usingizi wa baada ya kula. Alikuwa akitangaza, "Abiria wa Villarrica, mlango namba..." kisha kimya. Watu wanasimama na mizigo wakingoja namba. Namgusa bega, anazinduka, anamalizia. Siku nyingine mkono uliendelea kuandika hali mwenyewe kalala, na tiketi ya bibi mmoja ikasomeka: "Nguo za kuku, saa kumi." Bibi akairudisha kwa adabu. "Binti, mimi sina kuku."

Nilicheka hadi machozi. Zunilda naye akaanza kucheka, mara kichwa kikainama, magoti yakalegea kama kamba, akateleza chini ya meza. Macho wazi, anasikia kila neno, hawezi kuinua hata kidole. Haikufika dakika moja. Lakini msimamizi wetu, don Cirilo, alikuwa mlangoni.

"Asubuhi yote hii, Zunilda? Umeshalewa?"

"Sijanywa, don Cirilo."

"Asiyekunywa haanguki kitini. Niletee karatasi ya daktari, ama kiti hicho atakikalia mwingine."

Tangu siku hiyo alijinyima kicheko. Nikianza utani wangu ananiinulia kidole: "Shoga, nyamaza. Nakuomba."

Daktari wa kwanza alimtazama kope akasema damu imepungua, ale maini. Akamwandikia karatasi, don Cirilo akaisoma akaridhika. Zunilda akala maini miezi miwili, akasinzia vilevile. Wa pili alimuuliza kama mume amemwacha. Ni kweli alimwacha, zamani, na wala hakumlilia, lakini daktari akaandika vidonge vya huzuni. Vile vikamlaza hata akiwa amesimama.

Ndipo binamu yake aliyeko Buenos Aires akamtumia jina la dawa inayowaweka watu macho. Zunilda akaliandika kwenye kikaratasi, akaenda nalo kwa daktari wa tatu, kijana wa zahanati ya mtaani kwetu. Nilimsindikiza.

"Nani kakupa jina hili?"

"Binamu yangu, daktari."

"Binamu. Unajua wanaokuja kuniomba hii? Madereva wa malori, na wanafunzi wakikaribia mitihani. Nenda kalale mapema, mama."

"Nalala saa mbili usiku, daktari."

Daktari aliandika kitu kwenye faili lake, na Zunilda, anayejua kusoma karatasi kinyumenyume kwa kazi ya dirishani, akasoma: "Anaomba dawa kwa jina." Daktari aliyefuata pale zahanati alilifungua faili, kidole kikasimama kwenye mstari huo, sauti ikabadilika. Na wa baada ya huyo pia. Asipotaja dawa, wanampa maini. Akiitaja, wanamwona mlevi wa vidonge.

"Nimejifungia mlango mwenyewe," aliniambia tukirudi. "Na ufunguo nimewapa wao."

Mwaka na nusu ulipita hivyo. Siku moja abiria aliyekuwa na mtoto wa kifafa alitutajia daktari wa mishipa ya fahamu kule Asunción, mama wa makamo, Graciela Insfrán. Zunilda alikwenda bila faili na bila kikaratasi.

Daktari hakumuuliza kuhusu mume. Alimwacha aeleze mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukicheka sana, mwili unakufanyaje?"

Zunilda alilia, akaniambia baadaye, kwa sababu katika miaka yote ile hakuna aliyemuuliza hivyo, na yeye alidhani kule kuanguka ni aibu yake tu, hakuhusiani na usingizi. Walimfunga nyaya kichwani, wakampima usiku kucha, na kesho yake wakamwambia ajaribu kulala mara tano mchana. Mara zote tano alilala kabla ya dakika tatu.

"Usingizi na kuanguka ni ugonjwa mmoja, wala si uvivu," daktari akamwambia. "Na haponi mtu. Lakini dawa ipo."

Alimwandikia ileile ya kwenye kikaratasi.

Inamfaa. Hutangaza vizuri mpaka kama saa tisa, halafu anapambana. Daktari alimpa pia barua ya kazini, nayo Zunilda ameificha nyumbani chini ya nguo za marehemu mama yake. Imeandikwa "ugonjwa wa kudumu", na don Cirilo akiyaona maneno hayo, kipaza sauti atampa mtu mwingine. Kwa hiyo kazini bado ni mgonjwa wa damu. Don Cirilo akipita humuuliza, "Maini unakula?" Naye hujibu, "Nakula, don Cirilo."

Cheti cha dawa ni cha siku thelathini tu. Mwezi wa tano daktari Insfrán akahamia Encarnación, mbali kusini. Zunilda alirudi zahanati ya mtaani kuomba wamwendelezee hapa hapa. Faili lilikuwa lilelile, na jibu lilelile. Sasa siku yake moja ya mapumziko kila mwezi inaishia kwenye barabara ya Encarnación, mwendo wa saa tano kwenda na saa tano kurudi.

Jumatatu iliyopita alipanda basi la kwanza. Nilimfungia mkate wa chipa kwenye karatasi. Vidonge vilikuwa vimebaki viwili, na kimoja alikimeza mbele yangu kabla ya kupanda, maana akisinzia kwenye benchi la kliniki jina lake litaitwa lipite.