Pacha Wangu Alibaki Dar es Salaam

Nilizaliwa Muleba, mimi na dada yangu tukiwa tumeungana kuanzia kifuani hadi kitovuni. Tulipelekwa Dar es Salaam kutenganishwa. Mimi nikarudi, yeye hakurudi. Wazazi wangu hawakuwa na njia ya kusafirisha maiti ya mtoto mchanga umbali ule, akazikwa huko huko na watu wa hospitali. Kwetu Kimwani, Muleba, babu, bibi na baba wamelala kibanjani, chini ya migomba. Kaburi la dada yangu hakuna anayeweza kunionyesha.

Bibi ndiye aliyenisimulia kwamba nilipokuwa mchanga sikupata usingizi mpaka waviringishe kitenge na kukilaza mbele ya kifua changu. Mama hakupenda mazungumzo hayo. Siku moja nilimuuliza tukiwa jikoni.

"Mungu alinipa wawili, akaniachia mmoja," alisema. "Menya ndizi."

Sikuuliza tena.

Nilipokua nilihamia Bukoba, nikapanga chumba Ijuganyondo, nikawa fundi cherehani. Mwanamume mmoja alinichumbia. Nilipomweleza habari za kovu langu, aliuliza, "Sasa watoto wetu watakuwaje?" Hakurudi, wala mimi sikumfuata.

Mwaka juzi muuguzi mmoja wa hospitali ya Rubya, niliyesoma naye, alinipigia simu.

"Kuna binti hapa amejifungua mapacha walioungana. Hataki kula. Watu wanamwambia ni laana. Njoo."

"Nikamwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Akuone tu unatembea."

Nilikwenda. Binti alikuwa amegeukia ukuta. Watoto wake, wote wa kike, walikuwa kwenye kitanda kidogo kando yake, nyuso zao zikitazamana, kila mmoja akivuta pumzi ya mwenzake. Sijawahi kuona picha yetu. Sidhani kama ilipigwa. Nikakaa kitandani pa binti bila kukaribishwa.

Nikapandisha blauzi. Binti aligeuka, akalitazama kovu muda mrefu, kisha akaligusa kwa kidole.

"Na mwenzako yuko wapi, dada?"

Nilikuwa nimejiandaa kumficha ukweli. Nikashindwa.

"Alibaki Dar es Salaam."

Alilia kwa sauti. Nilidhani nimemmaliza. Alipotulia, akaomba uji.

Watoto wake nao walipelekwa Dar es Salaam. Walirudi wote wawili.

Mwaka huu nilikwenda kuwaona nyumbani kwao, nje kidogo ya Rubya. Wanatembea sasa. Mmoja alitoka mbio hadi mlangoni, akasimama, akageuka kumtafuta mwenzake. Hakutoka nje mpaka mwenzake alipofika.

"Nimempa kila mmoja kitanda chake," mama yao aliniambia, "lakini asubuhi nawakuta kwenye kimoja. Nanyi mlikuwa hivyo?"

"Sikumbuki," nilimjibu. "Tulikuwa wadogo mno."

Nilicheka naye, nikanywa chai, nikawapima magauni. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Lakini walipolala mchana ule, paji kwa paji, ilinibidi nitoke nje, nikasimama peke yangu kwenye mibuni hadi nikaweza kurudi kuaga.

Jirani yangu wa Ijuganyondo alinikuta nikifungua mlango.

"Umetoka wapi?"

"Muleba, kuwaona watoto."

"Watoto wa nani?"



"Wa kwetu," nikasema, nikaingia ndani.