Jembe la Zipora na Upepo wa Milimani

Majembe ni mengi Mlali, ila lililokuwa likitazamwa ni moja tu, la Zipora Chilongani. Lilining'inia kwa ndani, juu ya mlango, mpini wake umelainika kwa miaka, na kwa sura halikuwa tofauti na majembe ya wenzake. Lakini kila ulipofika mwezi wa kumi na mbili, watu waliopita njia ya kwake walichungulia kwanza pale mlangoni, ndipo wakasalimia. Wakilikuta bado linaning'inia, walirudi kwao kungoja. Wakilikuta nje, lina udongo, walikwenda kupanda.

Mwenyewe hakuiomba kazi hiyo. Ilimjia kwa sababu ya kopo la bati. Miaka ishirini na miwili iliyopita, afisa wa hali ya hewa aitwaye Castory alifika na pikipiki kutoka Dodoma mjini, akasimika kipimamvua nyuma ya shule, akaulizia mtu asiyesafiri ovyo na asiyekunywa pombe. Walimu huhamishwa. Wanaume wa pale, tusifichane, waliangushwa na sharti la pili. Akabaki Zipora. Tangu siku hiyo, kila saa tatu asubuhi, masika na kiangazi, hata siku aliyomzika mumewe, amekuwa akimimina maji ya lile kopo kwenye bilauri yenye mistari, anasoma milimita, anaandika daftarini. Siku nyingi za mwaka huandika sifuri.

Siku ile ya kwanza Castory alimweleza jambo ambalo halijamtoka. Alimwonyesha milima ya Ukaguru iliyokaa upande wa mashariki, mawingu yakiwa yamerundikana juu yake.

"Mama, unaona yale mawingu? Upepo wenu unatoka baharini, umebeba maji. Ukifika milimani unalazimika kupanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga mzigo wake kule kule. Ukishuka huku umebaki mtupu, tena unazidi kupata joto. Kwa hiyo hauleti maji. Unayatafuta."

"Unayatafuta wapi?"

"Kwenye udongo wako. Kwenye majani ya mahindi yako."

Akaendelea kumweleza kwamba mvua ya kweli hufuata jua. Jua likisogea kusini mwisho wa mwaka, mkanda wa mvua huja nalo, na upepo ukigeuka ukatoka magharibi, mvua hukaa. Mwezi wa nne jua limesharudi kaskazini na mkanda wake, basi. Wenzetu wa kaskazini mkanda huo huwapitia mara mbili kwa mwaka, ukienda na ukirudi. Sisi tuko mbali na bahari, nyuma ya milima, na tumepewa msimu mmoja usio na nyongeza. Zipora alilishika somo lile kuliko alivyolishika lolote shuleni.

Kwa hiyo alikuwa na alama zake mbili. Ya kwanza ni bendera ya shule. Ikipepea kuelekea Dodoma, upepo unatoka milimani, usipande. Ikipepea kuelekea milimani, andaa mbegu. Ya pili ni mdogo wake, Edina, aliyeolewa ng'ambo ya milima, upande wa Kilosa. Edina akipiga simu kulalamika kwamba kuna tope na nguo hazikauki, Zipora hujua maji yote yameishia kwa Edina. Alimpenda sana mdogo wake, lakini malalamiko yale yalimuumiza roho.

Msimu huo mvua ilipiga mapema. Tarehe nne ya mwezi wa kumi na mbili ilishuka alfajiri kwa kishindo, na kulipokucha Zipora aliona maji yanatiririka moja kwa moja kuelekea kwenye kihenge. Humo ndimo alimoweka debe mbili za mbegu ya uwele, zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Akalitungua jembe mlangoni, akachimba mtaro haraka haraka, maji yakageuka. Akaliegemeza jembe ukutani, nje, linachuruzika tope, akaenda zake kupima mvua. Alisoma milimita thelathini na nane. Akainua macho kutazama bendera. Ilikuwa inapepea kuelekea Dodoma.

Alipotoka nyuma ya shule aliona watu mashambani, kila upande, wameinama. Alikimbia hadi shamba la jirani yake Meshack, mdogo wa marehemu mumewe, akamkuta na mfuko wa mahindi umebaki nusu.

"Shemeji, mnafanya nini?"

"Tunapanda. Si umetoa jembe?"

"Nilikuwa nachimba mtaro! Maji yalikuwa yanaingia kwenye kihenge!"

Meshack akacheka. "Shemeji nawe! Nimeliona kwa macho yangu, limejaa udongo. Mvua kama hii, unataka nini tena?"

"Tazama bendera."

Meshack akaitazama, kicheko kikamwishia usoni. Kisha akatazama mistari aliyokwisha kuifukia, na ya wenzake, mmoja baada ya mwingine hadi kule bondeni. Mbegu iliyofukiwa kwenye udongo mbichi haifukuliwi ikarudishwa mfukoni. "Labda mwaka huu itakuwa tofauti," alisema, na akainama tena kumalizia.

Mahindi yaliota vizuri, na huo ndio ulikuwa ukatili wake. Kwa siku nane Mlali yote ilikuwa kijani, watu wakampongeza Zipora njiani. Daftarini aliandika sifuri, na kesho yake sifuri, na keshokutwa. Upepo wa milimani ulianza saa nne asubuhi na haukuchoka hadi jioni, mkavu, wenye joto, unakausha midomo. Mawingu yalionekana kila siku, meupe, mazito, yamekaa juu ya Ukaguru, hayasogei hata hatua moja. Edina akapiga simu kusema daraja la kwao limefunikwa na maji. Zipora alimkatia simu, kisha akaona aibu.

Majani ya mahindi yalijikunja kwanza, halafu yakapauka. Kufikia Krismasi ungeweza kuyasaga mkononi. Kanisani watu waliimba, lakini Meshack alikaa benchi la mbali na hakumsalimia shemeji yake. Hakuna aliyesema kosa ni la Zipora. Angefarijika kama wangesema. Yeye mwenyewe alijilaumu kila alipolitazama lile jembe, kwamba angeliingiza ndani, hatua tatu tu, nusu ya kitongoji isingefukia mbegu yake kwenye vumbi.

Baada ya mwaka mpya alifungua kihenge. Wengi hawakuwa na mbegu nyingine wala namna ya kuipata. Akapima uwele kwa bakuli, bakuli tatu kila nyumba, hadi debe zote mbili zikaisha na yeye mwenyewe akabakiwa na bakuli tatu kama wengine. Waliipokea mbegu hiyo kwa mikono miwili, wakaipeleka kwao, wakangoja. Sasa hawakuchungulia tena mlangoni kwa siri. Walikaa kabisa kwenye kivuli cha nyumba yake, wanatazama.

Mwezi wa kwanza tarehe kumi na tisa ikanyesha milimita ishirini na tatu. Kesho yake kumi na moja. Bendera ikageuka kuelekea milimani, ikakaa hivyo siku mbili. Zipora alifunua daftari zake zote, ambamo pembeni aliandika pia upepo na mavuno, ukurasa kwa ukurasa. Katika miaka ishirini na miwili, uwele uliopandwa baada ya mwezi wa kwanza haukuwahi kujaza masuke, kwa kuwa mvua huondoka kabla. Na katika mitano kati ya miaka hiyo, upepo ulikuwa umegeuka namna hii kwa siku mbili au tatu, kisha ukarudi ulikotoka.

Meshack alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda.

"Shemeji, safari hii nakuuliza kwa mdomo. Tupande?"

Zipora alitaka kumwambia kwamba hajui, kwamba anayejua ni yule aliyeiweka milima pale ilipo. Lakini aliwaona watu nyuma ya Meshack, kila mmoja na kifuko chake kidogo. Wakingoja wiki nyingine wamechelewa. Wakipanda na upepo ukarudi, hakuna tena mbegu ndani ya kitongoji kizima, hata ya kuku.

"Tupande," alisema.

Akalitungua jembe, akatoka nalo nje mchana kweupe. Walipanda siku ile na siku iliyofuata, watoto kwa wazee, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi alisikia watu wakitaniana mashambani. Meshack aliimba. Zipora alifukia bakuli zake tatu, akanawa miguu, akalirudisha jembe mahali pake.

Asubuhi ya tatu alikwenda nyuma ya shule saa tatu, kama kawaida. Kopo lilikuwa kavu. Kabla hajaandika, simu ikaita mfukoni.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Edina."

"Dada, huku ni balaa! Imenyesha tangu jana jioni, haijakata. Tope mpaka mlangoni, nguo za watoto zina siku mbili kwenye kamba. Huko kwenu vipi, mmepanda?"

Kule mashambani Meshack alimwona amesimama, akampungia mkono kwa furaha. Zipora naye akampungia. Upepo ulikuwa unampiga usoni, wa moto, akiwa ameielekea milima.

"Tumepanda," alisema. "Tumepanda wote."