Karatasi ya Manjano

Televisheni yangu ilizimika siku chache kabla ya mechi kubwa ya Jumamosi. Chumba changu cha kuonyesha mpira hapa Kaloleni kilikuwa na mpinzani mmoja, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye kitelevisheni cha zamani. Watu walinijia mimi kwa sababu ya rangi tu. Wakionja kwake mara moja, basi, hawarudi kwangu.

Nikamwita ndugu yangu mdogo, fundi wa televisheni sokoni Muthurwa. Aliifungua sakafuni. Nilihesabu skrubu zikitoka, nikazihesabu tena, maana namjua. Taa za nyuma zilikuwa zimekufa. Akaweka mpya, za bluu kama zile za mwanzo. Kisha akainua karatasi ya plastiki iliyokaa mbele ya taa, ya manjano, akaitazama kama mgonjwa.

"Hii imeungua na joto, boss. Nakuwekea nyeupe, safi, nimeitoa kwa TV iliyokufa."

"Bei?"

"Ya ndugu."

"Hiyo ndiyo ghali kuliko zote."

Ndivyo mafundi wetu wanavyofanya: plastiki ikigeuka manjano, inang'olewa. Pamoja na hiyo ya manjano, karatasi tatu zilitoka, tatu zikarudi. Hesabu ilikuwa sawa.

Alipoiwasha Ijumaa, nyasi zilikuwa bluu. Refa bluu. Mtangazaji alifanana na maiti.

"Ngoja ipate moto," akasema.

Binti yangu, aliyesomea fizikia chuo kikuu na sasa anangojea kazi kwenye kochi langu, akaketi wima. "Anko, ile ya manjano haikuungua. Ilitengenezwa hivyo. Ndani yake mna punje ndogo mno, zinameza bluu ya taa na kutoa rangi nyingine."

"Rangi gani?"

"Inategemea ukubwa. Kitu ni kilekile. Punje ikiwa ndogo, elektroni inabanwa ndani, inahitaji nguvu nyingi kupanda, ikishuka inatoa kijani. Ikiwa kubwa kidogo, ina nafasi, nguvu inapungua, inatoa nyekundu. Changanya na bluu inayobaki, unapata nyeupe."

"Sisi tumebanwa saba kwa chumba kimoja," nikamwambia, "na hakuna aliyewahi kuwaka."

Hakucheka. "Iko wapi, Anko?"

Ndugu yangu alikuwa amempa mama anayeuza mandazi pale getini.

Nilimkuta ameshaikata vipande vinne na kuvipigilia misumari kwenye sanduku lake la mandazi, kuzuia nzi. Nikaanza kubembeleza bei, kwa mazoea. Akanitazama.

"Baba, utavishona kwa uzi?"

Nikarudi mikono mitupu. Maisha yangu yote sijawahi kushindwa na mtu ambaye hakutaka hata kushindana.

Jumamosi vijana waliingia, wakaketi, wakatazama.

"Mzee, hii ni mechi ama wanaogelea?"

"Timu yetu ni gani? Wote wamevaa bluu!"

"Leta miwani, leta mwavuli!"

Walitoka mmoja mmoja, kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Ndugu yangu alikuwa wa mwisho. Alisema anaenda kununua sigara, naye havuti sigara.

Nikahesabu viti. Nikavihesabu tena. Bao la kwanza nililisikia kupitia ukutani, kelele za watu wangu wote, kabla sijaliona likiingia, bluu ndani ya bluu.